Usiache mbachao kwa msala upitao: Bonasi ya chai na hisa za kampuni ndogo za gesi

Sisi watu wa pwani twaijua chai ya Kericho na Bomet ikiwa imeshafungwa magunia. Huteremka kwa malori hadi maghala ya Mombasa, ikapigwa mnada, kisha ikapakiwa melini. Mnada huu ulianza Nairobi mwaka 1956 na ukahamia Mombasa 1969, na hadi leo wapo vijana wetu wengi wanaolisha watoto kwa kubeba, kuonja, kupima na kusafirisha majani yaliyochumwa Litein, Kapkatet, Kapkoros na Mogogosiek. Kwa hivyo pesa ya mkulima wa kule ikipotea, si mambo ya watu wa bara peke yao.

Na pesa hiyo iko mashakani. Kila mwaka, yapata mwezi wa Oktoba, wakulima wadogo walio chini ya KTDA hungoja malipo ya pili, yale yanayoitwa bonasi. Ndiyo karo ya shule, ndiyo mabati, ndiyo ng'ombe wa pili. Miaka hii ya karibuni wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamekuwa wakilipwa chini ya wenzao wa mashariki, na mwaka 2025 manung'uniko yao yalisikika nchi nzima. Mtu akiona majani hayalipi, sikio lake huwa jepesi kwa kila anayesema, "Kuna pahali pesa yako itazaa haraka." Miongoni mwa wasemaji hao wapo wanaouza ndoto ya hisa za kampuni ndogo zinazotafuta gesi na mafuta.

Je, hisa hizo ni mali au ni kamari? Mabishano haya yapo London, yapo Dar es Salaam, na yamewahi kupita chini kabisa ya vilima vya Kericho. Tuyaeleze polepole, kila mtu aamue akiwa macho.

Bonde lililo chini ya vilima

Ukitoka Kericho kwa barabara ya Kisumu, baada ya Kapsoit unaanza kuteremka. Chai inaisha, joto linaanza, na mbele yako unafunguka uwanda wa Kano hadi Ahero na ziwa. Uwanda huo ni sehemu ya bonde la Nyanza, tawi la Bonde la Ufa linaloanzia Ghuba ya Winam na kuelekea mashariki. Wataalamu wa mafuta hawakuvitazama sana vilima vya chai, maana vile ni mawe ya volkano. Walilitazama bonde, kwa sababu mabonde kama hayo hujaa mchanga na tope la maziwa ya kale, na tope la ziwa la kale ndimo mafuta na gesi hupikwa.

Mnamo Machi 2012 Tullow ya Uingereza ilitangaza kupata mafuta katika kisima cha Ngamia-1 kule Turkana. Nchi ilipata homa. Kila bonde likatazamwa kwa jicho jipya. Kitalu cha 12B, kilichomo katika bonde hili la Nyanza, kilikuwa mikononi mwa Tullow na kampuni ndogo iitwayo Swala Energy, nusu kwa nusu. Ardhi ilipimwa kwa mitetemo, na jina la Ahero likaingia katika ripoti za wawekezaji kama pahali pa kuchimbwa.

Swala ilikuwa na dada yake Tanzania, Swala Oil and Gas, yenye vitalu vya Kilosa-Kilombero na Pangani. Agosti 2014 dada huyo aliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, katika dirisha la kampuni zinazokua, na hisa moja iliuzwa kwa shilingi 500 za Tanzania. Watu wa kawaida, walimu na wafanyakazi wa ofisini, waliweza kununua fungu katika utafutaji wa mafuta, jambo ambalo zamani lilikuwa la matajiri wa ng'ambo tu. Walichoahidiwa ni kisima kiitwacho Kito, huko Kilombero.

Kumbe wakati hisa zinauzwa, bei ya mafuta duniani ilikuwa imeanza kuteleza. Pipa lililouzwa zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 lilishuka chini ya dola 30 Januari 2016. Kampuni kubwa zilifunga mikoba, na kampuni ndogo zikakosa wa kuzishika mkono. Kule bonde la Nyanza mtambo wa kuchimba haukuja wakati ule uliotarajiwa. Kule Kilombero miaka ikapita na Kito haikuchimbwa. Mwenye hisa hakuambiwa kisima ni kikavu, kwa maana kisima chenyewe hakikuwapo. Na hili ndilo somo la kwanza: kabla ya kuuliza kama gesi ipo, uliza kama shimo lenyewe litachimbwa, na kwa pesa ya nani.

Unanunua nini hasa?

Mvuvi wa Lamu ataelewa upesi. Kuna kununua samaki aliye mezani, kuna kununua fungu katika dau, na kuna kununua samaki ambaye yungali baharini. Hisa ya kampuni ya utafutaji ni fungu katika dau. Dau linakwenda kuvua, na mafuta ya mashine, nyavu na posho ya mabaharia hulipwa kabla samaki hajaonekana. Ukirudi mtupu, gharama haikurudi.

Na samaki huyu ana milango minne ya kupita kabla hajaingia wavuni. Kwanza lazima pawe na mwamba uliopika gesi. Pili pawe na mwamba wenye vinyweleo vya kuihifadhi, kama sifongo. Tatu pawe na mwamba mgumu juu yake wa kuifunika, la sivyo itapanda na kupotea hewani. Nne, mtego huo uwe umeshajengeka kabla gesi haijaanza kusafiri. Mlango mmoja ukifungwa, hakuna kitu.

Tufanye hesabu. Tuseme mtaalamu ana matumaini makubwa na kila mlango anaupa asilimia 70. Milango miwili pamoja ni asilimia 49. Mitatu ni 34. Minne ni 24. Yaani kila mlango ukiutazama peke yake unavutia, lakini kwa pamoja umebaki na nafasi moja kati ya nne hivi. Ndiyo maana kisima kikavu si lazima kiwe ishara ya wizi au ya uzembe. Ndiyo kawaida ya kazi hii.

Maneno matatu ya kuyatofautisha

Ripoti za kampuni hizi zina maneno yanayofanana masikioni lakini pesa yake haifanani. La kwanza ni kiasi kinachotarajiwa: hiki ni cha kwenye ramani na kompyuta, hakijaguswa na chuma. La pili ni kiasi kilichogunduliwa: chuma kimegusa, lakini haijajulikana kama kinauzika kwa faida. La tatu ni akiba iliyothibitishwa: kimegunduliwa, soko lipo, leseni ipo, na hesabu zinaonyesha faida.

Dalali mwerevu atakutajia namba ya kwanza kwa sauti ya namba ya tatu. Turkana inatufundisha umbali uliopo kati yake. Mafuta yaligunduliwa 2012. Agosti 2019 meli ya kwanza ilitoka hapa hapa Mombasa na mafuta yaliyokuja kwa malori kutoka kaskazini, na watu wakapiga vigelegele. Mwaka uliofuata mradi huo wa majaribio ukasimama. Mwaka 2023 washirika wawili wa Tullow, Africa Oil na Total, walijitoa. Mwaka 2025 Tullow yenyewe ikaiuzia Gulf Energy biashara yake ya Kenya. Miaka 13 baada ya Ngamia-1, bomba la kuyaleta mafuta Lamu bado halijajengwa. Mafuta yalipatikana, na aliyenunua hisa kwa sababu ya mafuta hayo bado alingoja.

Sisi wenyewe pwani tuna ushahidi wetu. Kisima cha Pate-1 kilichimbwa 1971 na Shell na BP, na gesi ikajitokeza. Miaka zaidi ya 40 baadaye kampuni ndogo ya Zarara ilirudi Pate kuchimba kingine. Mwaka 2012 Apache ilipata gesi Mbawa, baharini mbele ya Lamu, unene wa mita 51.8. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird kikakuta gesi na chini yake safu ya mafuta ya mita 14. Kampuni ndogo ya Australia, Pancontinental, ilikuwa na fungu katika visima hivyo viwili vya baharini, na wenye hisa wake walishangilia. Lakini ndugu msomaji, mtungi wa gesi jikoni kwako haujawahi kujazwa kutoka Mbawa wala Pate.

Rukwa: mjadala ulio hai

Anayetaka kuona mabishano ya wawekezaji yakiendelea leo na aitazame Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Huko gesi inayotafutwa si ya kupikia. Ni heliamu, ile inayojaza maputo, lakini thamani yake ya kweli iko katika kupoza mashine za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili na katika viwanda vya vifaa vya elektroniki. Heliamu huzaliwa polepole mno katika mawe ya kale yenye urani na thoriamu, na joto la Bonde la Ufa huifungua itoke.

Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni changa ya Helium One, walitangaza kwamba bonde hilo huenda lina futi za ujazo bilioni 54. Baadaye kampuni ikataja kiasi kinachotarajiwa cha bilioni 138. Desemba 2020 iliingia soko la kampuni ndogo la London. Mwaka 2021 ilichimba Tai-1 hadi mita 1,121. Dalili zilionekana, gesi ya kuuzika haikupatikana, na bei ya hisa ikaanguka vibaya. Mwishoni mwa 2023 ikarudi na mtambo wake yenyewe na kuchimba Tai-3. Kisha mapema 2024, kisima cha Itumbula West-1 kikatoa gesi hadi juu ya ardhi, heliamu ikiwa asilimia 4.7, kiwango kikubwa sana kwa gesi hiyo. Hisa zikaruka. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania ikatoa leseni ya uchimbaji.

Wenye matumaini wanasema: mmeona? Waliokata tamaa 2021 walikosea. Heliamu ipo, leseni ipo, dunia inaihitaji, na wasambazaji wake ni wachache. Wenye shaka wanajibu: gesi kutoka si gesi kuuzwa. Kiwanda hakijajengwa, barabara ni ndefu, na kila shimo linahitaji pesa mpya.

Hoja ya wenye shaka yenye uzito zaidi ni hii ya pesa mpya, na ndiyo wengi hawaielewi. Kampuni ya utafutaji haina mauzo. Ikihitaji pesa, huchapisha hisa mpya na kuziuza, mara nyingi kwa bei ya chini. Tuseme kampuni ina hisa 1,000 na wewe unazo 100. Una sehemu moja kati ya kumi. Kampuni ikauza hisa nyingine 1,000 ili ichimbe tena. Hisa zako bado ni 100, hakuna aliyekuibia, lakini sasa una sehemu moja kati ya ishirini. Ni kama sinia la pilau: wewe umekaa pale pale, ila wageni wameongezeka na nyama ni ile ile. Kufikia 2024 hisa za Helium One zilikuwa zimezidi bilioni 5. Kwa hivyo mtu aliyenunua mapema anaweza kuwa alisema kweli kuhusu heliamu na bado akapata hasara kuhusu hisa. Kusema kweli juu ya ardhi ni jambo moja, na kupata faida sokoni ni jambo jingine.

Na dini inasemaje?

Wasomaji wengi wa ukurasa huu watauliza hili, nami sitatoa fatwa, hiyo ni kazi ya masheikh. Ninachojua ni kwamba ushirika katika kazi halali, kugawana faida na hasara, ni jambo linalojulikana katika sheria yetu. Na tumefundishwa chuoni mfano wa gharari: kuuza samaki aliye bado majini. Kununua fungu katika dau, ukijua mwenye dau ni nani, anakwenda wapi na gharama ni ngapi, ni jambo moja. Kununua kwa sababu umesikia bei itapanda Ijumaa ukauze Jumatatu, bila kujua hata jina la kisima, kunakaribia kamari. Hisa ni ile ile, tofauti ni katika nia na ujuzi wa mnunuzi. Muulize sheikh wako, lakini mpelekee maelezo kamili, usimpelekee tangazo la simu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Kwanza, hisa zauzwa wapi? Katika Soko la Hisa la Nairobi tuna KenGen na Kenya Power katika sekta ya nishati, lakini kampuni hizi ndogo za utafutaji ziko London, Toronto au Sydney. Anayekuuzia "hisa za gesi" nyumbani kwako au kwa simu lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwa umma. Jina lake likikosekana humo, mazungumzo yameisha.

Pili, kampuni ina pesa ya miezi mingapi? Kama pesa iliyomo haitoshi kumaliza kisima, jua hisa mpya zinakuja.

Tatu, nani anashirikiana nayo? Kampuni kubwa ikikubali kulipa gharama ya kisima ili ipewe sehemu ya kitalu, ni dalili kwamba macho mengine yenye ujuzi yameziangalia zile ramani.

Nne, gesi ikipatikana itapita wapi? Kisima kilicho mbali na bomba, bandari na kiwanda ni kama samaki aliyevuliwa mbali bila barafu.

Tano, ukipoteza yote, nyumba yako italala njaa? Kama jibu ni ndiyo, basi pesa hiyo si ya kwenda huko.

Mali iliyo mikononi

Wakulima wa Kericho na Bomet tayari ni wenye hisa. Viwanda vya KTDA ni vyao. Wanapokwenda kwenye mkutano mkuu wa kiwanda kuuliza kwa nini gharama zimepanda na bei ya mnada ilikuwa kiasi gani, wanafanya kazi ile ile ya mwekezaji wa London, tofauti ni kwamba mali yao wanaiona kwa macho. Na Finlays ilipotangaza Mei 2023 kwamba itawauzia Browns wa Sri Lanka mashamba yake makubwa ya huko, fungu la asilimia 15 lilitajwa kuwa la wenyeji kupitia ushirika. Nani ataandikwa katika ushirika huo, nani atausimamia, na gawio litagawanywaje? Haya ni maswali ya mamilioni, na hayahitaji mtambo wa kuchimba.

Hata gesi yenyewe ikipatikana siku moja chini ya uwanda ule, Sheria ya Petroli ya 2019 imeshagawanya sehemu ya serikali ya mapato: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya pale. Hiyo 5 mwenyeji haihitaji kuinunua kwa dalali. Anachohitaji ni kuijua, kuidai na kuilinda isiliwe njiani. Hilo latuhusu na sisi wa Lamu na Kilifi vilevile.

Simkatazi mwenye ziada yake asitie shilingi katika dau la gesi. Bila watu wa kuthubutu, Rukwa isingechimbwa wala Ngamia isingejulikana. Lakini bonasi ya chai si ziada. Ni jasho la mwaka mzima, la mama aliyeamka alfajiri na kikapu mgongoni. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wenyewe umechakaa, ni kweli, na mwenye nao ana haki ya kulalamika. Basi nguvu zake na aziweke katika kuushona: ahudhurie mkutano wa kiwanda, asome hesabu, aulize ushirika. Msala wa gesi auache upite, na akipenda kuukalia, aukalie kwa pesa ambayo haitamliza.